Hatua ya Sita: Jinsi Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo Zilivyopangwa Parokiani

Desemba ya mwaka 1973 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, waliokuwa wameunganika tangu 1961 katika shirikisho lao liitwalo AMECEA, walikutana mjini Nairobi kushauriana mintarafu Kanisa la miaka ya 1980, na katika yote waliyoyatamka siku zile lilikuwamo azimio moja ambalo athari yake imeingia mpaka katika nyua na sebule za waumini: ya kwamba uhai wa Kanisa utiwe msingi katika makundi madogo ya watu wanaoishi na kufanya kazi mahali pamoja, ambamo kila mmoja aweza kumjua mwenziwe kwa jina, kwa shida na kwa furaha yake. Mwaka 1976 walirejea mji ule ule wakaifanya kazi ya kuziunda Jumuiya hizo kuwa ya kwanza katika uchungaji wao, na 1979, huko Zomba, Malawi, wakaipima tena. Azimio huandikwa kwa siku chache. Kulitia katika vitendo kumechukua umri wa watu wazima, na nasadiki kwamba wengi wanaozisifu Jumuiya leo, na wengi vile vile wanaozilaumu, hawajapata kuangalia kwa makini zilivyoundwa na zinavyoendeshwa.

Sababu ya azimio lile haikuwa nadharia tupu. Parokia ya shamba ilikuwa na vigango vilivyotapakaa masafa marefu, padre mmoja au wawili wa kuvizungukia, na katekista aliyebebeshwa mafundisho, sala za Dominika pasipo Misa, mazishi na mashauri ya ndoa, ilhali hesabu ya waliobatizwa ilizidi kupanda. Katika Mara ya Kaskazini, Tanzania, kwenye parokia ya Nyarombo iliyohudumiwa na wamisionari wa Maryknoll, majaribio yalikwisha kuanza mwaka 1966, nayo yalitanguliwa na uchunguzi: mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliyatazama makanisa ya kujitegemea yaliyokuwa yakistawi miongoni mwa Wajaluo wa pande zile, akaona katika makusanyiko yao madogo mambo ambayo parokia kubwa haikuweza kuwapa watu wake, yaani kujuana, kusaidiana katika maradhi na msiba, na kupewa wadhifa, hata uwe mdogo namna gani. Nauona unyenyekevu mkubwa katika mwanzo huo, kwa kuwa si kila mwenye hekalu kubwa hukubali kwenda kujifunza katika kibanda cha jirani yake.

Kanuni ya kwanza ya mpango huu ilikuwa mpaka. Jumuiya haikuundwa kwa hirimu, wala kwa kazi, wala kwa ibada anayoipenda mtu. Iliundwa kwa nyumba zinazopakana, aghalabu familia kumi hadi kumi na tano, na zikizidi sana hugawanywa. Vyama vya kitume vilikuwapo na vingalipo, kila kimoja na heshima yake: mwanamke aweza kuwa katika WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, kijana akawa katika VIWAWA, chama cha vijana, mwingine akawa katika Legio ya Maria, lakini katika vyama hivyo mtu huchagua wenzake, na katika Jumuiya hachagui. Humkuta mwalimu na mchuuzi wa samaki, mwenye gari na mpangaji wa chumba kimoja, mjane na bwana harusi wa juzi, na pengine humkuta yule yule aliyegombana naye juma lililopita juu ya maji ya bomba. Waasisi wa mpango huu walijua wanalolitenda, maana upendo wa jirani hauna pa kujificha pale ambapo jirani ni huyu wa ukuta mmoja.

Nchini Tanzania mpaka huo ulipata msaada, na pamoja na msaada, hatari. Tangu Azimio la Arusha la 1967 taifa zima lilikuwa likizungumza habari za ujamaa, na watu walikwisha kuzoea mabalozi wa nyumba kumi kumi. Kwa hiyo kundi la majirani lenye kiongozi wake halikuwa jambo geni. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi, akahamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga akaishi na wanakijiji, kwa imani kwamba kushirikiana kwa wakulima hao kulikuwa njia ya kuufahamu ushirika wa Utatu Mtakatifu wenyewe. Hatari ilikuwa kwamba kiongozi wa Jumuiya aweza kuiga sauti ya balozi: kutangaza, kuorodhesha, kuagiza.

Kwa upande wa Kongo, ambako maaskofu walikwisha kuelekea jumuiya hai za msingi tangu 1961, Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alishika njia nyingine. Kuanzia 1975 aliwakabidhi walei, waitwao bakambi, uongozi wa parokia zenyewe, huku padre akibaki kuwa mhudumu wa sakramenti na mshauri wao. Tofauti hii yafaa itazamwe vema. Kinshasa ilimweka mlei mahali pa juu kwa uteuzi wa askofu, na Afrika ya Mashariki ilianza chini, kwa majirani wenyewe, ikaacha uongozi upande ngazi kwa ngazi.

Ngazi hiyo, katika majimbo mengi ya Tanzania, ni hii: wanajumuiya humchagua mwenyekiti wao, katibu, mtunza hazina na wahusika wa liturujia, wa katekesi, wa wagonjwa na wahitaji, wa haki na amani, viongozi wa Jumuiya kadhaa huchagua wa kanda, wa kanda huchagua wa kigango, na kutoka huko hupatikana wajumbe wa Baraza la Walei la parokia. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Zamani mjumbe wa baraza alikuwa mtu aliyependeza macho ya Baba Paroko, mara nyingi karani au mwalimu mwenye kusema vizuri. Chini ya taratibu hii, mtu asiyejulikana na majirani zake kumi hana pa kupandia. Wako wanaoilinganisha na shauri la Yethro, aliyemwambia Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, lakini mimi nauona ulinganisho huo kuwa na kasoro, kwa sababu wakuu wale aliwachagua Musa mwenyewe kutoka juu. Asili iliyo karibu zaidi imo katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, pale mkutano wa wanafunzi ulipowachagua wale saba na mitume wakawawekea mikono. Ndivyo inavyopasa kuwa hata sasa: watu huchagua, paroko huthibitisha na kuwasimika mbele ya altare. Sheria ya Kanisa ya 1983, katika kanuni ya 536, imelipa baraza la kichungaji la parokia sauti ya ushauri tu, chini ya uongozi wa paroko. Na kwa sababu hiyo nguvu ya mlei barazani haitoki katika wingi wa kura, hutoka katika ukweli wa habari anazozileta kutoka mtaani. Paroko mwenye busara hawezi kuupuuza ukweli huo, maana hana njia nyingine ya kuupata.

Hata hivyo ngazi haihuishi kitu ikiwa chini yake hapana mkutano wenye uhai. Hapa ndipo Afrika ya Kusini ilipotusaidia sana. Katika Taasisi ya Lumko, mapadre Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye kila mmoja alipewa uaskofu, walitunga mafunzo kwa ajili ya walei wasio na shule kubwa, na lililoenea kuliko yote ni njia ya kushirikishana Injili kwa Hatua Saba. Katika hatua ya kwanza mmoja humkaribisha Bwana kwa sala. Ya pili, somo husomwa. Ya tatu, kila apendaye hutaja neno au kifungu kifupi kilichomgusa, hukitamka mara tatu polepole, na baina ya mara moja na nyingine wote hunyamaza. Ya nne ni kimya cha dakika chache. Ya tano, watu hushirikishana lililowaingia moyoni. Ya sita, huzungumza kazi ambayo Jumuiya inaitwa kuifanya. Ya saba, husali kwa maneno yao wenyewe.

Mwenye jicho la ufundi ataona hekima iliyofichwa katika hatua ya tatu. Mkutano wa majirani una maradhi yake ya asili: msomi huhubiri, mzee hukumbusha ya zamani, wengine hutazama saa. Hatua ya tatu inamzuia msomi asifafanue, kwa kuwa haimruhusu kusema zaidi ya maneno yaliyomo katika somo lenyewe, na inampa bibi asiyejua kusoma mlango ulio sawa na wa mwalimu, kwa kuwa ameyasikia maneno yale na aweza kuyarudia. Aliyekwisha kulitamka neno mara tatu mbele ya watu hatakuwa bubu tena katika hatua ya tano. Kazi ya kiongozi ni kuilinda nafasi hiyo: kutojaza kimya kwa wimbo, kutosahihisha ushuhuda wa mtu, kutogeuza kushirikishana kuwa mjadala. Lumko waliufundisha uongozi huu kwa makusudi, uongozi usiotawala, na mimi nausifu bila kusita, kwani ni mgumu kuliko kuhubiri. Huhitaji mazoezi, na ni ajabu ya kusikitisha kwamba parokia nyingi humchagua kiongozi leo, humsimika Jumapili, na hazimpi hata semina moja kabla hajaitwa kuongoza.

Kwa maoni yangu, mahali Jumuiya inapofia au inapoishi ni hatua ya sita, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mjini Dar es Salaam Jumuiya nyingi hukutana Jumamosi asubuhi na mapema, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini na sokoni; wakati ni mfupi, jua linapanda, na kiongozi aliyechelewa kuanza huona ni heri apunguze hapo kuliko kupunguza sala. Hivyo hatua ya sita hugeuzwa kuwa matangazo: harusi ya fulani, mchango wa ukuta, zamu ya kufagia kanisa. Lakini waliotunga njia hii waliiweka kwa mpango maalumu. Kwanza, waliopewa kazi mkutano uliopita hutoa taarifa. Pili, huulizwa ni kazi gani mpya iliyopo. Tatu, huamuliwa nani ataifanya na lini. Pasipo taarifa ya kwanza, maamuzi ya tatu ni maneno ya hewani, na kila mtu hujua moyoni kwamba hataulizwa.

Kazi zenyewe hazina haja ya kuwa kubwa. Mgonjwa wa kisukari ambaye hana wa kumpeleka kliniki. Mtoto aliyeacha shule kwa ajili ya sare. Mume na mke waliofikia kutosemezana. Familia mpya iliyohamia mtaani, ambayo haijui kanisa liko wapi. Jalala lililoziba mfereji, ambalo lataka barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na watu wa kuipeleka. Kazi ya namna hii ya mwisho huwatia hofu baadhi ya wanajumuiya, wakidhani ni siasa. Lakini njia ya kuona, kuamua na kutenda, ambayo Joseph Cardijn aliwafundisha vijana wafanyakazi wa Ubelgiji na ambayo Papa Yohane XXIII aliipendekeza katika waraka wake wa 1961, *Mater et Magistra*, haikupata kutenganisha mfereji na Injili. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki hutoa kila Kwaresima kijitabu chenye mada za majuma matano, kila juma na kisa chake cha maisha, maswali yake na somo lake, na Jumuiya hukaa kukichambua. Kwa taratibu hiyo mambo ya rushwa, ya ardhi na ya uchaguzi yamezungumzwa chini ya miembe na katika vyumba vya kupanga, na watu ambao hakuna mwingine aliyewauliza.

Rwanda imetufundisha kwa machungu kwamba ujirani na ubatizo havitoshi peke yake. Mwaka 1994, katika nchi ambayo walio wengi walikuwa wamebatizwa, jirani alimwua jirani. Na baadaye, katika kujiandaa kwa Jubilei ya mwaka 2000, Kanisa la huko lilianzisha gacaca ya Kikristo, kwa mfano wa mabaraza ya jadi ya kusuluhisha, ambamo waumini walikaa kusema ukweli, kukiri na kuombana msamaha. Nani alitenda nini, na sasa atafanya nini, na lini: maswali ya hatua ya sita yaliulizwa katika hali ya kutisha kuliko zote.

Sina budi kusema pia juu ya fedha na barua. Parokia imegundua kwamba Jumuiya ni chombo chepesi cha kukusanyia zaka, mavuno na tegemeza jimbo, na kwamba barua ya mwenyekiti ni njia rahisi ya kuthibitisha kwamba mwombaji wa ubatizo, wa ndoa au wa mazishi ni muumini kweli. Siyapingi yote mawili. Kanisa linalotaka kujitegemea lazima lichangiwe na watu wake, na padre mmoja hawezi kuwajua maelfu. Lakini pale mtu anapofika kuomba azikiwe mama yake, na la kwanza analoulizwa ni kadi ya michango, Jumuiya imekwisha kuwa idara ya kodi, na mwenyekiti wake mtoza ushuru. Dawa yake naiona katika mgawanyo wa kazi: mambo ya fedha yasomwe na mtunza hazina baada ya sala ya mwisho, kwa dakika zake maalumu, yasiingie kamwe katika nafasi ya hatua ya sita, na barua ya sakramenti isiandikwe na mwenyekiti peke yake, bali pamoja na mhusika wa wagonjwa na wahitaji, ambaye ndiye ajuaye kama mtu hakuonekana kwa uvivu au kwa maradhi, kwa zamu za usiku au kwa aibu ya kukosa cha kuchangia.

Na katibu apewe daftari la hatua ya sita tu, lisilochanganywa na mahudhurio wala hesabu, lenye kazi, jina la aliyeipokea, tarehe, na nafasi ya kuandika ilivyokwisha. Kwenye kikao cha kanda asomewe mwenyekiti wa kanda kurasa hizo, naye azipeleke Baraza la Walei, ili paroko anapofungua kikao chake asianze na ukuta wa kanisa, aanze na yale ambayo majirani wameyaona na hawakuyaweza.