Kiti Kinachogeuka Ngazi

Mwaka 1811 mafundi wa Morgan & Sanders jijini London walikuwa wakiuza kiti cha maktaba ambacho kikipinduliwa huwa ngazi. Leo seremala yeyote mwenye subira anaweza kukitengeneza, ila wenye subira si wengi.

Mnunuzi huona bawaba mbili kwenye ukingo wa mbele wa kikalio, akadhani ujanja wote umo humo. Kazi yenyewe imo katika kipimo. Kimo cha kikalio kutoka sakafuni lazima kilingane na kimo cha egemeo kutoka kikalioni: sentimita 45 chini, 45 juu. Nusu ya nyuma ya kiti inapopinduliwa kuja mbele, kichwa cha egemeo ndicho kinachokuwa mguu. Kipimo kikipungua kidogo tu, vipandio vinainama na mpandaji anayumba. Ndiyo maana fundi husubiri mbao zikauke kabisa. Mbao mbichi zikijikunja baadaye, hakuna msasa wa kuzinyoosha. Viungo huvichonga kwa patasi, ulimi na tundu, akavibana kwa gundi. Msumari peke yake hulegea, na anayebebwa hapa ni mtu mzima aliyenyoosha mkono kufunga globu. (Tunapobishania bei, hayo hatuyataji.)

Kisha hufanya jambo ambalo mteja halioni: hupanda mwenyewe, hujitikisa juu yake, husikiliza. Kikilia, hukifungua na kuanza upya.

Ukimpata fundi wa namna hiyo, mlipe anachodai.