Tarehe Kumi za Mwanzo

Kwenye stendi ya Korogwe, wachuuzi wa machungwa na karanga wakiwa wamelizunguka basi, tazama kioo cha mbele cha Noah au Coaster iliyoingia nchini karibuni. Wakati mwingine pembeni imebaki stika ndogo iliyobandikwa huko Japani, yenye tarakimu mbili tatu na alama za maandishi ambazo abiria huziona kama mapambo. Ukifungua mlango wa dereva unaweza kukuta nyingine, ya gereji iliyobadilisha oili kabla gari halijapakiwa melini. Zote hizo ni tarehe. Zimevuka bahari hadi bandarini, zikapanda barabara ya Chalinze na Segera, na watu wanaozipita kila siku ni wengi kuliko wanaozisoma. Ninaandika kuusifu ufundi wa kuzisoma, na zaidi ya hapo ufundi wa kuzitamka kwa Kijapani sawasawa. Ni ufundi mdogo wenye kina, na mtu wa Handeni au Korogwe huuendea akiwa na mtaji ambao pengine hajui kwamba anao.

Mjapani huanza na mwaka, kisha mwezi, ndipo siku. Katika stika nyingi za zamani na katika karatasi za serikali, mwaka wenyewe huhesabiwa tangu mfalme alipokalia kiti. Enzi ya Showa ilianza Desemba 1926 ikaisha Januari 1989. Ikafuata Heisei hadi tarehe 30 Aprili 2019. Na kuanzia Mei Mosi ya mwaka huo ni Reiwa. Kwa hiyo 17 ya Heisei ni 2005, maana unajumlisha 1988, na 3 ya Reiwa ni 2021, maana unajumlisha 2018. Mwaka wa kwanza wa kila enzi hauitwi kwa namba moja, una jina lake, gannen. Anayeagiza gari hutumiwa nakala ya cheti cha kufutwa kwa usajili wa kule, na mara nyingi humo mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza umeandikwa kwa hesabu hii. Mnunuzi anayeijua hasubiri kuambiwa umri wa gari lake na mtu wa kati.

Mwezi ni rahisi, na hapa ndipo mtaji unapoanza kuonekana. Miezi ya Kijapani haina majina kama Januari na Februari, ina namba. Gogatsu ni mwezi wa tano, rokugatsu ni mwezi wa sita. Sasa msikilize mzee wa Mkata au Kabuku akipanga siku ya harusi, au mama wa Mombo akieleza mvua za vuli zilianza lini. Hasemi Oktoba. Anasema mwezi wa kumi, tarehe nane. Ametanguliza mwezi, akaupa namba, kisha akaleta siku, kwa mpangilio uleule wa Tokyo. Shuleni tumefundishwa kuandika siku kwanza, lakini kinywa cha nyumbani hakijaacha njia yake, na anayejifunza Kijapani anaweza kukitegemea kinywa hicho. Kuna miezi mitatu tu ya kuangalia: wa nne ni shigatsu, wa saba ni shichigatsu, wa tisa ni kugatsu. Namba hizo tatu zina matamshi zaidi ya moja, na mwezi umechagua lake.

Siku ndiyo kazi yenyewe. Mwezi wa Kijapani umekaa kama barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto: kona kali nyingi ziko mwanzoni. Tarehe mosi ni tsuitachi. Mbili ni futsuka, tatu mikka, nne yokka, tano itsuka, sita muika, saba nanoka, nane yooka, tisa kokonoka, kumi tooka. Hakuna hata moja inayofanana na ichi, ni, san ambazo mwanafunzi alizikariri wiki ya kwanza. Kisha njia inanyooka: kumi na moja ni juuichinichi, namba ya kawaida na neno la siku mwishoni, na unaweza kwenda hivyo bila kufikiri, isipokuwa tarehe 14 inayorudi kwenye yokka, ikawa juuyokka, na 24 inayofanya vivyo hivyo. Katikati yao imesimama tarehe 20, hatsuka, isiyomsikiliza mtu.

Wanaojifunza wengi huzikasirikia tarehe hizi kumi, wakaziita vurugu. Sikubaliani nao. Kijapani kina safu mbili za hesabu. Moja ni ya kwao tangu zamani, nyingine waliipokea kutoka China pamoja na maandishi. Ya China imechukua hesabu kubwa, fedha, hisabati na miaka. Ya zamani imebaki pale ambapo watu huhesabu kila siku vitu vidogo vidogo, na siku za mwanzo wa mwezi ni miongoni mwao. Neno linalotumika sana halipati nafasi ya kusahaulika, ndiyo maana ukale wote umejikusanya katika kumi la kwanza.

Na sisi je? Hesabu ya Kiswahili nayo ina safu mbili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka Uarabuni, pamoja na ishirini, thelathini na wenzake. Zile zilizoondolewa hazikwenda mbali. Fungate ya maarusi ni zile siku saba, na kenda bado inasikika kwa washairi wa pwani. Ukiingia kijiji cha Handeni mahali ambapo Kizigua kingali lugha ya jikoni, au ukipanda kidogo upande wa Usambaa, utasikia mtandatu, mfungate na kenda zikihesabiwa bila mtu kuona ajabu. Mtoto wa hapo anahesabu kwa bibi yake namna moja na kwa mwalimu wake namna nyingine, na hachanganyi. Huyo ukimwambia kwamba Mjapani ana namba za nyumbani na namba za kitabuni, na kwamba tarehe za mwanzo wa mwezi ni za nyumbani, hahitaji maelezo zaidi. Anajua jambo hilo kuliko mwanafunzi wa lugha yenye safu moja tu ya hesabu.

Namba hizo za zamani zina mpango wa ndani ambao ulinifurahisha sana nilipouona. Zihesabu zikiwa uchi: hi, fu, mi, yo, itsu, mu, nana, ya, kokono, too. Sasa chukua tatu, mi, na mara mbili yake, mu. Chukua nne, yo, na mara mbili yake, ya. Konsonanti imekaa palepale, irabu imebadilika, na hesabu imeongezeka mara mbili. Hata moja na mbili, hi na fu, ni ndugu wa namna hiyo. Kwa hiyo mikka na muika ni jozi, tatu na sita. Yokka na yooka ni jozi, nne na nane. Aliyezishika hivi hana tena orodha ya maneno kumi yaliyotawanyika.

Jozi ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Yokka na yooka: tarehe nne na tarehe nane. Miadi inaweza kupotea kwa siku nne kwa sababu ya pumzi moja. Katika yokka ulimi unaziba njia nyuma ya kinywa, unangoja pigo moja zima, ndipo unaachia. Katika yooka hakuna kuziba. Irabu inavutwa tu. Kuvuta irabu tunakujua, maana koma si komaa. Kuziba na kungoja hakumo katika maneno yetu ya kila siku, lakini mtoto yeyote aliyekaa kwenye mkeka wa madrasa, Handeni mjini au Korogwe, amefundishwa jambo hilohilo na mwalimu asiyekubali nusu: shadda hukaziwa, madda huvutwa, na kila moja ina kipimo chake. Yokka ina shadda. Yooka ina madda. Nimeona maelezo hayo yakimfungua mwanafunzi kwa dakika chache baada ya vitabu kumshinda. Aliyepitia chuoni utotoni analeta masikio yaliyokwisha kunolewa, nami nadhani walimu wa lugha za kigeni hapa nchini wangeutumia utajiri huo zaidi.

Kuna pia lile tsu. Kiswahili sanifu hakina sauti hiyo, na kishawishi ni kusema futuka au fusuka. T na s zinapaswa kutoka pamoja, kwa mpigo mmoja, na katika futsuka na hatsuka u inayofuata ife nusu, ibaki kama mnong'ono. Hatsuka masikioni ni kama hats'ka. Pia lazima tuache desturi yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa sababu Mjapani huyapa mapigo yake yote muda sawa. Hili lilikuwa gumu kwangu kuliko maneno yenyewe, na bado nalifanyia kazi.

Tsuitachi inastahili kusimama peke yake. Asili yake ni maneno mawili ya kale, mwezi na kuanza: siku ambayo mwezi unaanza. Japani iliishi kwa kalenda iliyofuata mwezi wa angani mpaka mwisho wa 1872. Serikali ya Meiji ilipoamua kufuata kalenda ya Ulaya, siku iliyofuata tarehe 2 ya mwezi wa kumi na mbili ikawa tarehe 1 Januari 1873. Karibu mwezi mzima ulikatwa. Jina la siku ya kwanza halikubadilika, na leo watu wanasema tsuitachi hata mwezi ukiwa mpevu juu ya nyumba zao.

Kwetu mwezi huandama. Mwisho wa Ramadhani watu wa Korogwe hungoja tangazo la mwandamo, na ukishaonekana wameingia Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo Rajabu na Shaabani. Ni hesabu inayoanzia pale kinywa kinapofunguliwa. Na hilo mosi halijatoka hata katika kalenda ya ofisini. Tunasema tarehe mosi, na sikukuu ya wafanyakazi ni Mei Mosi, huku namba nyingine zikiwa za kawaida. Wajapani na sisi tumeikataza siku ya kwanza kuitwa moja tu.

Mei Mosi ina uzito wake hapa. Hii ni nchi ya mkonge, na wazee waliofanya kazi mashambani wanakumbuka mwezi mwingine kabisa, ule wa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku iliyofanyiwa kazi iliwekewa alama. Mwezi uliisha nafasi zilipojaa, hata kama kalenda ya ukutani ilikuwa imeshavuka, na mshahara ulifuata kadi. Mzee aliyeishi na miezi mitatu kwa wakati mmoja, wa kipande, wa kalenda na wa mwandamo, hawezi kushangazwa na Mjapani anayeandika Heisei kwenye karatasi moja na 2005 kwenye nyingine.

Njia ya kujifunza niliyoiamini ni moja: kuitamka tarehe ya leo, leo, kwa sauti, mwaka kwanza. Redio ya NHK ya Japani hutangaza kwa Kiswahili, na imewahi kuwapa wasikilizaji wake masomo ya Kijapani, kwa hiyo sauti ya kuigiza inapatikana bila nauli. Lakini kukariri zote kumi kwa usiku mmoja huzaa mtu anayeweza kuziimba kwa mfuatano na asiyeweza kuichomoa muika peke yake akiulizwa ghafla. Kalenda yenyewe hutoa neno moja kila asubuhi, inalitumia siku nzima, inalirudisha mwezi ujao. Tarehe 11 hadi 13 ni za kupumzika. Tarehe 14 ni mtihani wa kama yokka ilikaa. Anayeandika tarehe ubaoni, kwenye daftari la duka au kwenye stakabadhi ya mzigo, tayari ana mahali pa kufanyia mazoezi.

Akifika hapo, lipo jambo moja zaidi. Futsuka ni tarehe mbili, lakini pia ni siku mbili za kukaa mahali. Mikka ni tarehe tatu, na pia siku tatu. Tsuitachi haifanyi hivyo. Siku moja ya kukaa ni ichinichi, na tsuitachi ni ya tarehe peke yake. Kwa hiyo anayesema atakaa Handeni siku moja kuanzia tarehe mosi atahitaji maneno mawili tofauti, na anayesema atakaa Korogwe siku nne kuanzia tarehe nne atatamka yokka mara mbili, ile ya siku za kukaa akiiongezea kan mwishoni, yokkakan, ili msikilizaji asikie kwamba hapo ni muda, si tarehe.