Milimita Tatu

Karibu na kitako cha mpini wa raketi ya tenisi kuna namba ndogo ambayo wachezaji wengi hawaitazami mpaka mkono uanze kuuma. Watengenezaji wa Ulaya huandika 0 hadi 5. Wamarekani huandika inchi, kuanzia 4 hadi 4⅝. Saizi ya 2 ya Ulaya ni inchi 4¼, yaani mzingo wa milimita 108 hivi, na saizi ya 3 ni milimita 111. Kati ya saizi moja na inayofuata pana milimita tatu tu, tena za kuuzunguka mpini wote. Ukizigawa kwa pande zake nane, kila upande unapata kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Kiganja kinakijua kabla mpira wa kwanza haujavuka wavu.

Ufundi ninaousifu hapa hufanyika ndani ya milimita hizo tatu, na haujapata mashairi. Heshima zote huenda kwa mfunga nyuzi: ana mashine, ana kipimo cha mkazo, na wateja wake hubishana kuhusu kilo moja zaidi au pungufu utadhani wanabishania mahari. Anayenenepesha au kupunguza mpini hana cha kuonyesha zaidi ya mkasi, wembe, msasa na kidole gumba chake. Akifanya kazi vizuri, hakuna anayeona alichofanya.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mbao. Raketi nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na mipini mitupu, isiyo na ngozi wala utepe, imechongwa vifereji ili isiteleze. Aliyeona mpini mnene aliuparuza, kama mkulima anavyoparuza mpini mpya wa jembe kwa kipande cha chupa mpaka uache kumchoma kiganja. Mkulima yule hana namba yoyote. Anaparua, anashika, anaparua tena. Raketi za leo za nyuzi za kaboni haziruhusu hivyo kirahisi. Ndani ya mpini mna fremu yenyewe, miguu yake miwili imelala bega kwa bega, na juu yake povu gumu la plastiki lililomiminwa kwenye kalibu. Kampuni ya Head imekuwa ikibandika vipande viwili vya povu vinavyoweza kubanduliwa, na fundi mwenye akiba ya vipande hubadili saizi bila kupaka vumbi meza yake. Wengine huletewa mpini uliomiminwa moja kwa moja, na hapo ndipo ujuzi unapotakiwa.

Lakini unene ni nusu tu ya habari. Mpini una pande nane kwa sababu. Walimu huzihesabu kuanzia ule wa juu kabisa raketi inaposimama kwa ubavu. Kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa 2, umeshika kikontinenti, kwa ajili ya servisi na voli. Upande wa 3 ni forhendi ya mashariki. Wa 4 ni ile ya nusu-magharibi, inayopendwa na vijana wa leo kwa sababu inauzungusha mpira sana. Mchezaji huhama kutoka upande hadi upande kati ya pigo na pigo, macho yakiwa kwenye mpira. Anayemwambia amefika ni ile kona baina ya upande na upande. Sasa, kila tabaka la utepe unaloongeza hulainisha kona hizo. Ongeza la pili, ongeza la tatu, mwishowe unashika fimbo ya mviringo isiyokueleza chochote kuhusu uso wa raketi unakoelekea. Nimeshika mipini ya namna hiyo, iliyovimbishwa na watu wenye nia njema, na sina lugha nzuri ya kuielezea.

Fundi mzuri kwa hiyo huanza na mkono. Daktari wa mifupa wa Marekani, Robert Nirschl, aliyeshughulikia sana maumivu ya kiwiko cha tenisi, ndiye mwenye kipimo mashuhuri cha rula: kutoka mkunjo wa kati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete, na urefu huo ndio mzingo wa mpini. Wasio na rula hushika raketi na kujaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na shina la gumba. Kikikaa bila kubanwa wala kucheza, mpini unafaa. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba wakikosea kipimo hiki kiwiko kitawalipisha. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wachezaji 16 wa vyuo vikuu waliopiga bakhendi ya mkono mmoja kwa mpini wa saizi iliyopendekezwa, kwa mwingine mdogo zaidi kwa robo inchi, na kwa mwingine mkubwa zaidi kwa kiasi hichohicho. Misuli ya kigasha haikuonyesha tofauti ya maana. Hao walikuwa wazima, bila maumivu, na sisemi mwenye kiwiko kibovu apuuze. Ila mimi naona vyema tuache kuuza ufundi huu kwa vitisho. Mpini urekebishwe ili mkono usilazimike kuufikiria; hiyo ni sababu tosha.

Kuongeza ndiko kunakopendeza kutazama. Fundi huvua utepe wa msingi taratibu kuanzia juu, maana kama bado mzima atautumia tena. Anang'oa kipini kilichoibana ncha yake pale kitakoni, anafuta mabaki ya gundi kwa spiriti. Kisha anauvisha mpini mfuko mwembamba wa plastiki, mpana kupita kiasi, unaoning'inia kama nguo ya kuazima. Anaupulizia hewa moto huku akiizungusha raketi bila kusimama, kwa sababu joto likikaa mahali pamoja povu la ndani litaharibika. Plastiki inajikunyata, inakaza, na kona nane zinaibuka moja baada ya nyingine zikiwa na makali yale yale. Wembe unapita kuzunguka kitako. Gumba linapita kila upande, juu hadi chini. Mfuko mmoja huongeza saizi moja hivi, na uzuri wake ni kwamba unafuata umbo badala ya kulifunika.

Baada ya hapo utepe wa msingi hurudi, ncha iliyochongoka ikianzia kitakoni, kila mzunguko ukipanda juu ya mwenzake kwa milimita chache. Mvuto wa mkono ukilegea katikati, pale pale patafanya nundu. Ukipandisha zaidi mpini unanenepa, na wapo wanaotumia hila hiyo makusudi. Mashoto wengi hufungiwa kwa mwelekeo wa kinyume. Utepe wa juu, ule mwembamba unaobadilishwa mara kwa mara, huhesabiwa kuongeza nusu saizi.

Kupunguza ni kazi nyingine kabisa. Njia ya upole ni kutoa utepe wa msingi wa sintetiki na kufunga wa ngozi, ambao ni mwembamba na huziacha kona zisikike, ingawa ni mzito zaidi na huvuta uwiano wa raketi upande wa mkono. Njia ya pili ni kuacha msingi kabisa na kufunga utepe wa juu peke yake juu ya povu. Ya tatu ni msasa. Hapo fundi huhesabu mapito: idadi ile ile kwa kila upande, akipima baada ya kila mzunguko, kwa sababu upande mmoja ukiliwa zaidi umbo linapinda na mkono utashika uongo kwa maisha yote ya raketi hiyo. Povu lililoondoka halirudi. Ndiyo maana mafundi husema ukisita baina ya saizi mbili, chukua ndogo.

Wakubwa wa mchezo huu walilielewa jambo hili mapema. Ivan Lendl alikuwa akibadili raketi kila mipira mipya inapoingia uwanjani, yaani baada ya gemu 7 za mwanzo na kisha kila 9. Tabia hiyo haina maana kama mpini wa raketi mpya haufanani kabisa na wa ile iliyowekwa chini, na mtu aliyemtengenezea ufanano huo alikuwa Warren Bosworth. Pete Sampras alikuwa na Nate Ferguson, ambaye baadaye alimhudumia pia Roger Federer. Rafael Nadal, mwanamume wa mita 1.85, amecheza na mpini wa inchi 4¼, ambao muuzaji yeyote wa duka angemwambia ni mdogo kwake.

Huku kwetu pwani hesabu ina jambo lake la ziada, jasho. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Machi, utepe unaonata huteleza kabla seti haijaisha. Wenye uzoefu hufunga ule mkavu, kama Tourna Grip wa samawati iliyopauka, ambao hushika zaidi unapolowa. Huchakaa upesi, kwa hiyo mkoba huwa na akiba.

Tena raketi nyingi zinazofika mikononi mwa watoto wetu ni za mtumba au za msaada, zimekwisha kukaa na mkono wa mtu mwingine. Hakuna anayechagua saizi, inakuja iliyokuja. Mtoto wa miaka 12 akipewa saizi ya 4, kocha asiye na msasa humwambia akaze mkono. Mwenye msasa humwambia asubiri hadi kesho jioni. Ada ya kazi hiyo, mahali nilipoiona ikifanywa, ilikuwa ndogo kuliko ya kufunga nyuzi, na hilo ndilo ninalolipinga: nyuzi zikikosewa hukatwa zikafungwa nyingine.