Kodak XL: tusiilaumu lenzi peke yake

Mtu akihamishia filamu za familia za miaka ya 1970 kwenye kompyuta, lalamiko la kwanza huwa lile lile: mbona picha ina ukungu hivi? Lenzi ilikuwa mbovu! Kwa kamera za Super 8 za Kodak XL, naona hiyo ni hukumu ya haraka mno.

Tuanze na ahadi yake. XL zilitoka Marekani mwaka 1971 ili watu wapige sinema sebuleni bila zile taa kali zinazomfanya kila mtu akunje uso. Mwanga ulitafutwa sehemu tatu: lenzi ya f/1.2, shata yenye uwazi wa nyuzi 230, na filamu ya Ektachrome 160, iliyohitaji robo tu ya mwanga wa Kodachrome 40. Ukilinganisha na kamera ya f/1.8 yenye shata ya nyuzi 180 na Kodachrome, jumla ya faida ni kama mara 11. Si mchezo.

Sasa gharama zake. Shata ndiyo hushutumiwa sana, lakini hesabu inaitetea. Kwa fremu 18 kwa sekunde, kila fremu inapata mwanga kwa 1/28 ya sekunde. Kwa nyuzi 180 ingekuwa 1/36. Mtoto anayekimbia angeacha mburuzo kwenye zote mbili.

Fokasi ndiyo shida kubwa zaidi. XL55 ilivuta hadi milimita 21. Kwa f/1.2, ukimlenga mtu aliye mita 3, eneo linaloonekana kali lina kina cha kama sentimita 60. Bibi akiinama kuchukua kikombe, tayari ametoka. Halafu kuna chembechembe za filamu: fremu ina upana wa milimita 5.8 hivi, na kwenye skrini ya mita 1.2 inakuzwa zaidi ya mara 200, chembe na zote.

Ila kosa ambalo mimi siisamehe XL liko nje, juani. Kwa filamu hiyo hiyo, kitundu cha lenzi lazima kibanwe sana. Kikifika f/16, mwanga unasambaa na kila nukta inakuwa doa la mikroni 21 hivi. Upana wote wa fremu unatosha madoa kama 270 tu. Kumbe jua kali nalo linaharibu!

Kwa hiyo kabla hujaipa programu kazi ya kunoa picha, chunguza kwanza. Kiti cha nyuma ni kikali na uso hauko? Hiyo ni fokasi, na hakuna programu itakayorudisha uso ule kwa uhakika, itabuni mwingine. Mimi ningeuacha na ukungu wake. Bila XL, jioni ile huenda isingerekodiwa kabisa.