Mizani ya Aliyeshindwa: Hukumu ya Mchezaji juu ya Gemu Zichezwazo Ngara na Biharamulo

Kando ya barabara kuu itokayo Isaka, ikapita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco hata ikafika Rusumo, pale malori yanapoegeshwa na madereva wakangoja zamu yao ya kuvuka mpaka wa Tanzania na Rwanda, ni nadra mtu kukosa kibanda cha bati chenye runinga moja, mashine ya PlayStation 2, na benchi ambalo aghalabu hubeba watazamaji wengi kuliko wachezaji. Katika vibanda vya namna hiyo, Ngara Mjini na Biharamulo, nimecheza miaka mingi nikilipa kwa mechi kama kila mtu, na katika miaka hiyo nimesoma pia hukumu za gemu zilizoandikwa na mabingwa wachezao majumbani mwao, wenye mashine zao, wasiopokezana pedi na mtu yeyote. Maarifa yao ni makubwa, walakini hawakumfikiria mtu wa benchini, ambaye hununua dakika chache, na akifungwa hana budi kuinuka na kumpisha mwenzake. Mtu huyo haulizi kwanza kama picha ni nzuri au kama hadithi ni ndefu. Huuliza kama, akishindwa, atajua sababu ya kushindwa kwake, ili fedha yake iwe imenunua elimu japo haikununua ushindi. Kwa mizani hiyo nitazipima gemu tuzichezazo, na sitamwonea haya mtengenezaji yeyote.

Mizani yenyewe si ngeni kwetu. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, pamoja na jamaa yake igisoro ichezwayo kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, halina siri kati ya mshindi na mshindwa: idadi ya kete inajulikana, mikono yote huonekana, na mzee aliyefungwa aweza kurudi nyuma kwa fikra, hatua baada ya hatua, mpaka lile shimo ambapo kosa lake lilianzia. Mchezo wa runinga wenye insafu ni ule uwezao kuchunguzwa vivyo hivyo.

Ninaouweka mbele ya yote ni Pro Evolution Soccer 6 wa kampuni ya Konami ya Japani, uliotolewa mwaka 2006, ambao wakongwe wangali wakiuita Winning Eleven kwa jina ulilotokea nalo huko Japani. Ustadi wake haumo katika sura za wachezaji, ambazo kwa macho ya leo ni za mbao, bali umo katika jinsi ulivyofunganisha kitufe na mwili. Msalaba ni pasi fupi, duara ni mpira mrefu na krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza, mraba ni shuti, na R1 ni mbio. Lakini mpira hauendi kwa sababu umeutaka uende, bali huenda kwa kadiri ya upande mwili ulikoelekea, mguu unaotumika, na kasi aliyonayo mchezaji wakati ule. Mtu abonyezaye mraba hali mshambuliaji wake amelipa goli mgongo huuona mpira ukipaa juu ya mwamba, na benchi zima humweleza sababu kabla hajaiuliza. Ajifunzaye kuachia R1 nukta moja kabla ya kupiga huona mara ile ile mpira ukimtii, na maarifa hayo hayamtoki tena.

Bahati nayo imo, kwani kandanda isiyo na bahati si kandanda. Ila waliounda mchezo huu waliitangaza bahati kabla ya mechi kuanza. Kila mchezaji huja na mshale pembeni mwa jina lake: mwekundu unaoelekea juu ni dalili ya afya njema siku ile, na unaoelekea chini ni dalili ya unyonge, hata nyota mkubwa akaweza kuamka mgonjwa na mchezaji wa akiba akawa simba. Kila aliyepo huiona mishale hiyo, na kazi ya kocha ni kuamua kama atamwamini nyota aliyelala au atamtoa. Kadhalika uwezo wa kila mmoja umeandikwa kwa tarakimu zinazofika 99, wazi kwa yeyote atakaye kuzisoma. Adriano wa Inter alipewa 99 ya nguvu ya shuti, akawa janga kwa makipa wa dunia nzima, hata vikawapo vibanda ambamo kumchagua kulihesabiwa dhuluma; lakini aliyefungwa na Adriano alijua amefungwa na nini, wala hakwenda zake akiishuku mashine. Hapo ndipo ulipo usuli wa hukumu yangu yote: bahati iliyotangazwa ni sehemu ya mchezo, na bahati iliyofichwa au kuuzwa ni ghiliba.

Aibu ya mchezo huo ilikuwa ni majina. Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya timu nyingi, basi Chelsea ikaitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red, jambo lililomchukiza kila mpenzi wa timu hizo. Lakini ndani yake mliwekwa karakana ya kuhariri, ambamo mtu aliweza kusahihisha jina, kubadili jezi na kuchora nembo kwa nukta moja moja, kisha kazi yote ikahifadhiwa katika memori kadi ya megabaiti 8. Kwa njia hiyo memori kadi ikawa hazina ya kibanda, na mwenye kadi iliyosahihishwa vyema aliwavuta wateja wa jirani yake. Naiona karakana hiyo kuwa jambo la hekima kuliko leseni yenyewe, maana iliwakabidhi wachezaji kazi ya kuumaliza mchezo kwa mikono yao.

Mpinzani wake, FIFA wa kampuni ya EA, alikuwa na majina, jezi na viwanja vingi vya kweli, na kwa fahari hiyo akawashinda Konami sokoni. Tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC, baada ya kampuni kuachana na shirikisho la soka la dunia lililompa jina. Ni mchezo mzuri kuutazama. Ninalolichukia ni kwamba katika matoleo ya baadaye mshindwa hujaa shaka: mpira uliogonga mwamba mara nyingi, beki aliyeteleza dakika ya mwisho, je, yalikuwa ni makosa yake au mashine ilikuwa ikimpendelea aliye nyuma? Shaka hiyo ilienea hata wachezaji fulani wa Marekani wakafungua mashtaka mwaka 2020, ambayo waliyaondoa mwaka uliofuata, na kampuni imekanusha daima kwamba mashine ina upendeleo. Mimi naikubali kauli yake. Lakini mchezo unaowafanya watu wengi kiasi hicho wasijue walishindwaje una kasoro ya uwazi, hata kama hauna hatia ya hila.

Tekken, mchezo wa kupigana, sitaukalia sana, kwa kuwa sifa yake yaelezeka kwa maneno machache: vitufe vinne ni viungo vinne, mkono wa kushoto na wa kulia, mguu wa kushoto na wa kulia, na mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza huelewa katika muda wa pumzi chache. Dosari yake ni Eddy Gordo, Mbrazili mcheza capoeira aliyeingia katika Tekken 3, ambaye mtu asiyejua kitu aweza kumtumia kumshinda fundi kwa kubonyeza miguu ovyo. Ushindi huo haumfundishi aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwezi Oktoba 2004, ni muujiza wa ufundi ambao nausifu kwa mkono mmoja na kuulaumu kwa mwingine. Mashine yetu ina kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, ilhali mchezo una miji mitatu, milima, jangwa na mashamba, yote yakipitika bila kusimama. Walichofanya waundaji wa Rockstar North kule Edinburgh, Scotland, ni kuisoma nchi kutoka katika diski kipande kwa kipande kadiri mchezaji asogeavyo, na kuvitupa vipande alivyoviacha nyuma. Ndiyo sababu mtu akipata gari la nadra huyaona ghafula magari ya aina ile ile yamejaa barabarani, kwa kuwa umbo lake tayari limo katika kumbukumbu. Ndiyo sababu pia upeo wa macho umefunikwa na ukungu. Na toleo lililofanywa upya mwaka 2021, lilipouondoa ukungu huo, liliidhihirishia dunia kwamba nchi nzima ilikuwa ndogo mno, na ukubwa wake ulikuwa ni kazi ya pazia.

Lawama yangu haihusu bunduki na wizi, mambo ambayo kila mzazi ameshayasema. Inahusu namna ya kuhifadhi kazi. San Andreas haikuruhusu mchezaji kuweka akiba ya safari yake ila katika nyumba maalumu, na katika miaka ile miji ya Ngara na Biharamulo ilipowashiwa taa kwa jenereta za dizeli, umeme ulikatika bila taarifa, na kazi ya jioni nzima ikapotea kwa kuwa kijana alikuwa njiani kuelekea nyumbani kwa CJ, mhusika mkuu wa mchezo. Waliokaa Edinburgh hawakupata sababu ya kulifikiria hilo. Leo maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini fundi aandikaye gemu kwa ajili ya dunia nzima hana ruhusa ya kudhani kwamba umeme ni wa milele.

Sasa nije kwenye simu, ambako vijana wengi wamehamia. Free Fire, gemu ya kupigana risasi ya Garena, kampuni ya Singapore, ilitolewa mwaka 2017, na kwa ufundi wake inastahili heshima yangu. Wenzao wa PUBG Mobile huwashusha watu 100 kisiwani. Garena waliwashusha 50, wakapunguza kisiwa, wakapunguza nyasi na vivuli, wakaifanya mechi idumu dakika kumi hivi, ili simu dhaifu isiungue na bando lisiishe. Huo ni uungwana kwa mtu asiye na mali, na ndio uliowapa wafuasi katika kila kijiji chenye mnara.

Kisha wakaubatilisha uungwana ule dukani. Katika Free Fire rangi za bunduki hununuliwa kwa almasi, na almasi hununuliwa kwa fedha, na baadhi ya rangi hizo si pambo tupu: huongeza ukali wa risasi au kasi yake, na hupunguza kitu kidogo mahali pengine ili ionekane kana kwamba kuna usawa. Wahusika nao wana vipaji vyao, na mwenye kulipa huvifikia upesi. Aliyeanguka hawezi kujua kama alizidiwa jicho au alizidiwa mfuko. Ongeza na umbali: amri ya kidole chake hutoka mnarani, ikasafiri mpaka seva iliyo ghaibu, ikarudi, na kwa kuwa hukumu hutolewa huko, mtu aliyekwisha kujificha nyuma ya ukuta hujiona amekufa kwa risasi iliyopigwa kabla hajafika ukutani. Ucheleweshaji huo ni wa maumbile, nao nausamehe. Duka silisamehe.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambamo lori ni jambo la kila siku, gemu za kuendesha zina wapenzi wenye macho makali. Bus Simulator Indonesia, iliyotengenezwa na Maleo mwaka 2017, imependwa kwa sababu mbili: huko Indonesia hupita kushoto kama sisi, na mchezo umeacha mlango ambao mafundi wa nje wameupitia kuingiza magari yao, hata mabasi yenye rangi za kampuni zetu yakaonekana yakipita barabara za Java. Lakini uzito wa shehena hausikiki. Gari hupanda kilima kana kwamba ni tupu, na dereva yeyote aliyepanda kutoka bonde la Rusumo atacheka. Euro Truck Simulator 2, iliyotoka Prague mwaka 2012, ndiyo inayojua uzito: injini hulalamika, na mteremko una adhabu. Hiyo nayo huhitaji kompyuta, ambayo vibandani haipo.

Na iko gemu moja ninayoitaja kwa heshima ya pekee kwa sababu ya ardhi tunayoikalia. Mwezi Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa turubai. Lual Mayen, kijana wa Sudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kuandika programu kwa kompyuta ambayo mamaye aliiwekea akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu, naye kijana akitembea masaa kwenda kuichaji. Aliunda Salaam, mchezo wa kukimbia ambamo mchezaji ni mkimbizi anayehitaji maji, chakula na dawa, na mwaka 2018 akatuzwa katika The Game Awards. Kwa ufundi ni mchezo mwepesi, mbio na vikwazo. Lakini hata duka alilifikiri kwa insafu: fedha ya mchezaji anayenunua maji humo ndani ilikusudiwa kuwafikia wakimbizi walio hai.

Basi hukumu yangu ni hii: Pro Evolution Soccer 6 ni wa kwanza, na Free Fire, pamoja na akili yote iliyotumika ndani yake, ni ya mwisho. Na kwa vijana wetu wanaojifunza programu nina ombi. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inangoja gemu yake: lori lenye uzito wa kweli, kilima cha kweli, foleni ya mpakani, na daraja ambalo dereva akishalivuka hana budi kuhama kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa Rwanda hupita kulia. Iandikeni icheze bila intaneti, ihifadhi kazi kila dakika, na msiuze ndani yake kitu chochote kinachomshindia mtu mwenzake.