Utata wa Dhana ya Kuhesabu: Uhakiki wa Ufundishaji wa Kujumlisha kwa Akili katika Darasa la I na II, Mbeya na Iringa

Mtaala wa Darasa la I na II wa mwaka 2015 uliiweka elimu ya miaka hiyo miwili juu ya stadi tatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. K ya tatu ina utata. Mtoto anayetaja "moja, mbili, tatu" mbele ya punje za mahindi anahesabu. Karani anayekokotoa mishahara naye anahesabu. Utata huo haujaishia kwenye kamusi. Umeingia darasani, na unaificha hatua ambayo mtoto anapaswa kuivuka.

Chukua 8 + 5. Mtoto wa kwanza hupanga vijiti vinane, kisha vitano, halafu huvihesabu vyote tangu moja. Wa pili huishika nane kichwani na kuendelea: tisa, kumi, hadi kumi na tatu. Wa tatu huazima mbili kutoka kwenye tano, hukamilisha kumi, hubakiwa na tatu. Wote huandika 13 na wote hupata vema. Groen na Parkman (1972) walionesha kuwa muda wa jibu la watoto wa darasa la kwanza huongezeka kadiri namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili inavyokua. Carpenter na Moser (1984), waliowafuatilia watoto kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, walieleza jinsi kuhesabu vyote kunavyotangulia, na jibu la kukumbukwa au la kujengwa linavyofuata.

Tafiti hizo ni za Marekani, na kuzihamishia Nyanda za Juu Kusini bila kuitazama lugha ni kosa. Mtoto wa Kiingereza hana budi kukariri majina ya 11 na 12 ambayo hayaitaji kumi waziwazi. Kiswahili husema "kumi na tatu": jina lenyewe ni jumlisho, nalo ndilo jibu la mtoto wa tatu. Namba za kale zilisaidia zaidi. Kabla ya sita, saba na tisa za Kiarabu, palikuwa na mtandatu, mfungate (lililobaki katika fungate ya harusi) na kenda. Wanaisimu wa Kibantu hulieleza umbo la tandatu kuwa tatu na tatu, na nane kuwa nne na nne. Mkakati wa maradufu, unaodhaniwa kuwa mgeni, umelala ndani ya neno nane. Mwalimu wa Rungwe au Kilolo ambaye wanafunzi wake huzungumza Kinyakyusa au Kihehe nyumbani ana sababu ya kuyauliza majina ya namba za nyumbani kabla ya kuyafunika.

Vipimo navyo vina lawama. Tathmini ya stadi za awali za hisabati iliyofanyika nchini mwaka 2013 iliwapa watoto dakika moja ya kujumlisha. Kasi ni ishara, lakini haimtofautishi anayehesabu vidole upesi na anayefikiri taratibu. Mradi wa Tusome Pamoja, ulioihusisha Iringa lakini si Mbeya, ulishughulikia pia hesabu. Hata hivyo jina lake linatangaza kusoma.

Isidhaniwe kwamba vijiti vitupwe. Kumnyang'anya mtoto vijiti kabla hajaweza kuishika namba kichwani ni kumfundisha kubahatisha. Tatizo ni kutokuwa na siku inayojulikana ya kuviweka chini. Mtoto huyohuyo, akitumwa kuuza nyanya barabarani Ilula, hujua kwamba mafungu mawili ya 500 ni 1,000, na hana kijiti mkononi. Darasani, penye wanafunzi wengi na daftari za kusahihisha, hakuna anayemuuliza amefikaje. Akifika darasa la tatu, namba zinapopita mamia, vijiti haviwezi kumfuata.

Swali "umepataje?" huchukua muda mfupi, tena laweza kuulizwa kwa watoto watatu tu kila siku kwa zamu. Kwa sasa daftari la mazoezi lina nafasi ya jibu na ya vema, basi.