Wingi wa Watu na Shitaka la Ardhi

Wako watu waaminio kuwa maskini ndiye adui wa ardhi yake: huzaa wengi, hukata miti, hulima miteremko, kisha hulia njaa. Shitaka hili ni la zamani. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliwatupia Wakamba wa Machakos, nchini Kenya, wakatabiri kuwa nchi yao itageuka jangwa. Mwaka 1938 ng'ombe wao walichukuliwa kwa nguvu ili wapunguzwe. Watu wakaandamana hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kudai mifugo yao.

Kitabu More People, Less Erosion, kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, hulipinga shitaka hilo kwa ushahidi. Katika muda wa miaka 60 hivi watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano; hata hivyo mmomonyoko ulipungua, miti ilipandwa, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilipanda. Vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, vilichimba mitaro ya fanya juu na kutupa udongo upande wa juu, hata miteremko ikawa ngazi. Sifa kubwa ya kitabu ni kumrudishia mkulima heshima ya akili aliyonyang'anywa na mahakimu wake.

Walakini wastani ni pazia. Humweka mwenye kahawa na asiye na jembe katika hesabu moja. John Murton, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kuwa mishahara ya mjini iliwawezesha baadhi ya watu wa Machakos kutengeneza mashamba yao, na wasioipata waliachwa nyuma. Tena Nairobi, soko kubwa, iko karibu. Mahali pasipo soko, barabara wala mshahara, wingi wa mikono peke yake hautoshi kujenga matuta.

Basi msomaji asiiondoe laana ya zamani akaweka baraka tupu mahali pake. Kabla ya kuhesabu watoto wa maskini, na aulize shamba ni la nani, mazao huuzwa wapi, na fedha ya kununulia jembe hutoka mfuko gani. Mwenye kuruka maswali hayo huhukumu kesi bila kumsikiliza mshitakiwa.